Important, significant, essential, crucial: lini useme "muhimu", lini "la maana", lini "si haba"

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka. Mwenye kutafsiri taarifa ya Kiingereza juu ya tukio kama lile hakosi kukutana na maneno "significant damage". Akifungua kamusi anaambiwa significant ni "muhimu, -enye maana". Akichukua la kwanza anaandika "uharibifu muhimu", na msomaji wa Shangani au Michenzani anakwama papo hapo. Kwa Kiswahili, kilicho muhimu ni kile kinachohitajika. Uharibifu unaohitajika ni upi huo? Palitakiwa maneno mawili mepesi: uharibifu mkubwa.

Kosa hili halifanywi na wasiojua Kiingereza. Hulifanya zaidi waliosoma, kwa sababu skuli humfundisha mtoto kwamba important ni muhimu, kisha kila neno jirani linalokuja baadaye, significant, essential, crucial, vital, linatupiwa ndani ya kapu hilo hilo. Matokeo yake ripoti nzima inakuwa na muhimu ishirini, na msomaji hajui lipi la kufanya leo na lipi linaweza kusubiri. Hapa tunayaweka maneno hayo ubavu kwa ubavu ili mfasiri, mwalimu, karani au mtembeza wageni aweze kuchagua.

Kila neno limetoka wapi, na linaegemea wapi

Muhimu ni Kiarabu, kutoka mzizi ule ule uliotupa hamu, hima na himiza: jambo linaloushughulisha moyo, lisilomwacha mtu atulie mpaka lifanyike. Ndiyo maana muhimu yetu daima inaelekea kwenye haja. Ukimwambia mtu "dawa hii ni muhimu", ameshafahamu kwamba aitumie. Ukimwambia "kikao cha kesho ni muhimu", ameshafahamu kwamba ahudhurie. Neno limebeba agizo dogo ndani yake.

Important inatoka Kilatini, importare, kubeba na kuingiza ndani. Ukoo mmoja na neno ambalo Waingereza wanalitumia kwa bidhaa zinazoshushwa bandarini Malindi. Kutoka kuingiza likaja kuwa kuleta matokeo. Kilicho important kina uzito na kinaleta matokeo, yawe mazuri au mabaya. Mwingereza anaweza kusema "an important mistake" bila kusita, na sisi hatuwezi kusema "kosa muhimu".

Significant ina signum ndani yake, alama au ishara. Hapo Kiswahili kina bahati, kwa sababu neno letu maana linafanya kazi hizo hizo mbili bila kulazimishwa. Maana ni fasiri ya neno, na jambo la maana ni jambo lenye uzito. Mzee akisema "kaniambia neno la maana", amekaribia significant kuliko muhimu itakavyoweza kufika.

Important na significant: pa kutengana

Jaribio la kwanza, na ndilo linaloondoa makosa mengi kuliko yote, ni kuitazama nomino inayofuatana na neno. Kama nomino ni kitu kibaya, hasara, kosa, upungufu, uharibifu, ongezeko la wagonjwa, basi muhimu haina nafasi. Andika kubwa, zito, la kutia wasiwasi, au geuza sentensi iwe kitenzi: "mavuno ya karafuu yameshuka pakubwa" kwa "a significant fall in the clove harvest". Pakubwa ni neno zuri linalosahauliwa. Linabeba significantly nzima bila msaada, kwa jambo jema na baya: amechangia pakubwa, bei imeathirika pakubwa.

Nomino ikiwa njema na kinachosemwa ni kiasi, tuna si haba. "She has saved a significant sum" ni "ameweka fedha si haba". Lakini si haba ina harufu ya shukrani, ile ile ya mtu aliyeulizwa hali, kwa hiyo iweke kwenye faida, akiba, mavuno, msaada. Kwenye hasara inaleta utata, rudi kwenye kubwa.

Hiyo, ya kutaja ukubwa, ndiyo kazi ya kwanza ya significant. Ya pili ni ile ya maana yenyewe, na hii inatawala maandishi ya historia na urithi. Chukua msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Sehemu kubwa ya jengo lilivyo leo ni ya karne ya 18, lakini ndani ya kibla mna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa kale, yaliyochongwa kwenye jiwe la tumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sentensi "The mosque is significant for its inscription" ikitafsiriwa "msikiti huu ni muhimu kwa maandishi yake", inasikika kama kwamba maandishi yanauhitaji msikiti. Kinachotakiwa ni "maandishi yake ndiyo yanayoupa msikiti huu maana kubwa katika historia", kisha sentensi inayofuata lazima iseme maana gani: kwamba Waislamu walikuwa wamekwisha kujijengea msikiti wa mawe kusini mwa Unguja zaidi ya miaka 900 iliyopita. Significant inaacha deni la maelezo. Ukiiandika bila kusema kinaashiria nini, umeacha nusu.

Kwa hati za Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, neno linalobeba significance vizuri zaidi kuliko umuhimu ni thamani: thamani ya kihistoria, thamani ya usanifu. Umuhimu wa nyumba ni kwa anayeishi ndani yake. Thamani yake inabaki hata ikiwa tupu.

Kazi ya tatu ndiyo inayoumiza watu kimya kimya, nayo ni ya takwimu. Mwani wa kibiashara ulianza kulimwa Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake wa mwambao wa mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu. Wanalima aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ina bei nzuri zaidi lakini haistahimili maji yakipata moto. Tuseme mtafiti amepima kamba 10 za mwani mahali pa maji machache na kamba 10 mahali pa kina, akaandika "there was no significant difference". Mfasiri akiandika "hapakuwa na tofauti kubwa", mkulima anaelewa kwamba pote ni sawa na anaweza kulima popote. Mtafiti hakusema hivyo. Amesema tofauti aliyoiona, iwe ndogo au kubwa, inaweza kuwa imetokea kwa bahati, na kamba zake 10 hazitoshi kumhakikishia vingine.

Katika takwimu, significant ina kipimo. Kilichozoeleka ni 0.05, kilichoenezwa na mwanatakwimu Ronald Fisher kuanzia mwaka 1925: ikiwa kwa kweli hakuna tofauti yoyote, uwezekano wa kupata tofauti kama hii iliyoonekana au zaidi uwe chini ya 5 kwa 100. Kwa hiyo tofauti ya gramu 30 kwa kamba inaweza kuwa significant kama kamba zilizopimwa ni elfu moja, na tofauti ya kilo nzima inaweza isiwe kama zilikuwa tatu. Ukubwa ni habari nyingine kabisa. Tafsiri salama ni ndefu, na urefu wake tuuvumilie: "tofauti iliyoonekana haiwezi kuthibitishwa kuwa si ya bahati tu". Kinyume chake: "tofauti hii ni ya kweli kitakwimu, haielekei kuwa ya bahati". "Tofauti muhimu" haisemi lolote kati ya hayo.

Hospitali nayo ina yake. Majibu ya picha ya kifua yakisema "no significant abnormality", mgonjwa asiambiwe "hakuna tatizo muhimu", atakwenda nyumbani akijiuliza hilo lisilo muhimu ni lipi na kwa nini limefichwa. Aambiwe "hakuonekana kitu cha kutia wasiwasi".

Mifano michache ya kulinganisha kwa jicho moja:

| Kiingereza | Tafsiri inayokwama | Tafsiri inayosomeka |
|---|---|---|
| significant losses | hasara muhimu | hasara kubwa |
| important notice | (inafaa) tangazo muhimu | tangazo muhimu |
| Important: keep away from children | Muhimu: weka mbali na watoto | Tahadhari: weka mbali na watoto |
| She plays an important role | anacheza jukumu muhimu | ana mchango mkubwa |
| It's not important | si muhimu | si neno, haidhuru |
| They did not consider it important | hawakuiona kuwa ni muhimu | hawakuitilia maanani |

Mstari wa mwisho wa jedwali tuukazie macho. Kutilia maanani, kuzingatia, kuthamini, kutegemea, kuhitaji: Kiswahili kina vitenzi vingi vya uzito wa jambo, na mara nyingi sivyo vinavyokuja kwanza kichwani kwa sababu Kiingereza kimeweka kivumishi. Msitu wa Jozani ni "an important habitat" kwa kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. "Makazi muhimu" inafaa, haina kosa. "Msitu ambao kima punju wanautegemea" inaeleza.

Essential: nguzo

Essential ina esse ndani yake, kuwa. Kilicho essential kikiondoka, kitu chenyewe hakipo tena. Ngazi hii sisi tunaijua vizuri kuliko Waingereza, kwa sababu kila mtoto wa chuo cha Qur'ani Zanzibar amefundishwa kupanga mambo kwa uzito wake. Katika sala, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, rukuu ni nguzo: ukiiacha, rakaa haikutimia na kusahau hakuiponyi. Tahiyatu ya kwanza si nguzo. Ukiisahau, sala inasimama na unaleta sijida ya kusahau kabla ya salamu. Essential ni rukuu. Important ni tahiyatu ya kwanza: ina uzito, kuiacha kuna la kulifanyia, lakini jengo halikuanguka.

Kwa hiyo maneno ya essential ni lazima, cha msingi, nguzo, au sentensi yenye "bila": bila hiki hakuna kile. Angalia bakuli la urojo. Kinachoufanya urojo ni ule uji wa unga wa ngano na manjano wenye ukali wa embe mbichi, ukwaju au ndimu. Bajia, kachori, mishkaki, yai, chipsi za muhogo, chatine, vyote ni important. Ukikosa kachori utanung'unika, lakini umekula urojo. Ukikosa ukali umekunywa uji wa manjano. Ukitafsiri mapishi na ukakuta "essential ingredients", usiandike "viungo muhimu" kisha ukamwacha mpishi aamini kwamba vyote vimelingana. Andika "vitu visivyokosekana".

Mahali pawili panahitaji uangalifu wa pekee. Pa kwanza ni "essential oils". Mtandaoni yameenea maneno "mafuta muhimu", na kwa Wapemba hili si jambo dogo, kwa kuwa Pemba kuna kiwanda kinachotoa mafuta ya karafuu kwenye makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) na majani kwa mvuke. Essential hapa haisemi kwamba mafuta yanahitajika. Inasema yamebeba kiini cha mmea, ile harufu na ukali wake. "Mafuta muhimu" yanamfanya mnunuzi adhani ni mafuta ya lazima kwa afya, kama chumvi au maji, na wapo wanaouza kwa kuliachia neno lifanye kazi hiyo. Ni kosa lenye madhara: mafuta ya karafuu ni makali sana, yakipakwa bila kuchanganywa yanaweza kuunguza ngozi, na mtoto akiyanywa yanaweza kumdhuru vibaya. Andika "mafuta ya karafuu" na yatosha. Kwa kundi zima, "mafuta ya harufu ya mimea" yanaeleweka kila mahali.

Pa pili ni istilahi zilizokwishakubalika. "Essential medicines" ni dawa muhimu katika hati za afya, na hapo usibuni lako, kwa sababu mfamasia na bohari wanalitafuta neno hilo hilo. Istilahi ikishakaa kazini, mfasiri anaifuata hata kama angechagua vingine.

Crucial, critical, vital

Hizi tatu zinapita haraka zaidi, kwa kuwa kila moja ina picha yake.

Crucial inatoka crux, msalaba, na kilichoipa maana ya leo ni nguzo ya kuonyesha njia iliyosimama njia panda. Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon aliitumia picha hiyo mwaka 1620 kuelezea jaribio linaloamua kati ya maelezo mawili. Kilicho crucial kipo pale mambo yanapogawanyika. Maneno yetu ni la kuamua, la kukata shauri, na kwa mpira, la kufa na kupona. "A crucial match" ya Kombe la Mapinduzi si "mechi muhimu" tu. Mechi zote ni muhimu kwa anayecheza. Ni ile ambayo ukifungwa unafungasha.

Critical ilianzia kwa matabibu wa Kiyunani, ile saa ugonjwa unapogeuka kuelekea kupona au kufa. "In critical condition" ni mahututi, na hakuna neno jengine linaloshindana nalo. Lakini "critical thinking" haina uhusiano na hatari wala umuhimu. Ni tafakuri tunduizi, kufikiri kwa kupima hoja. "Fikra muhimu" ni kosa la wazi, na hutokea katika mitaala.

Vital ni ya uhai, kutoka vita ya Kilatini. "Vital signs" ni mapigo ya moyo, pumzi, joto la mwili na presha. Viite "viashiria vya uhai". Mfano wa kuigwa uko hapa hapa Zanzibar: vizazi, vifo, ndoa na talaka, ambavyo Kiingereza huviita "vital events", vinasajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Aliyechagua maneno hayo aliutazama ukweli wa jambo kwanza. Hayo ni matukio yanayobadili hali ya mtu katika jamii, na jina limesema hivyo.

Ukizungumzia watu

Hapa kosa la tafsiri linageuka kuwa ugomvi. "He is an insignificant person" ikitafsiriwa "hana maana" ni tusi la tabia: umesema mtu ni hovyo, asiyeaminika. "Hana umuhimu" umesema hahitajiki. Kiingereza kilisema tu kwamba hana cheo wala nguvu ya kubadili jambo, yaani "hana usemi", au "ni mtu mdogo tu katika suala hili". Maneno matatu, na mipaka yake haivukiki.

Kinyume chake pia. Mtu wa maana ni mtu muungwana, mwenye kutimiza ahadi, hata kama anauza ndizi darajani. "An important man" ni mwenye cheo au ushawishi: mkubwa, mtu mzito, kigogo. Mtu anaweza kuwa mmoja bila kuwa mwengine. Ukitafsiri wasifu wa marehemu, chagua kwa makini, maana familia itausoma.

Na tafadhali, viti vya mbele kwenye maulidi au harusi visiandikwe "watu muhimu". Aliyekaa nyuma ameambiwa hana haja ya kuwepo. "Wageni wa heshima" au "waalikwa rasmi" hayamuumizi mtu. Kwa "self-important", ambayo inawatesa wafasiri bure, tuna kujiona na kujidai.

Sarufi inayoharibika njiani

Muhimu haibadiliki: mtu muhimu, watu muhimu, kitabu muhimu, mahali muhimu. Kwa sababu ni kivumishi tayari, "jambo la muhimu" lina kiungo cha ziada. Andika "jambo muhimu". Nomino ikiwa haipo, kiungo kinakuwa na kazi na kinabaki: "la muhimu ni kufika mapema".

"It is important that she come" watu wanaandika "ni muhimu kwamba anakuja". Hiyo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Baada ya ni muhimu, kitenzi kimalizike kwa -e na kwamba iondoke: "ni muhimu aje", "ni muhimu watoto wachanjwe". Kwa jambo la watu wote, tumia ku-: "ni muhimu kunawa mikono". Ukiona "ni muhimu kwamba" kwenye rasimu yako, ifute na usome tena. Mara tisa katika kumi sentensi inasimama vizuri zaidi.

"Important to" na "important for" zinatutoka zote kama muhimu kwa, na hapo maana inapotea. "This shamba is important to him" ni habari ya moyo wake: analithamini, hataki kuliuza. "This shamba is important for him" ni habari ya maisha yake: analitegemea. Katika barua ya mirathi au ya kesi ya ardhi tofauti hiyo inaweza kubadili uamuzi. Tumia kitenzi.

Kuhusu sana: muhimu sana ni sawa, na "very important" ni sawa. Lakini essential na crucial ukizisema kwa Kiingereza usizitangulizie very. Tayari zimefika juu kabisa. Kwa Kiswahili vile vile, lazima haihitaji sana. Jambo ni lazima au si lazima.

Kurudi upande wa pili: kutoka muhimu kwenda Kiingereza

Mwanafunzi akiulizwa "Explain the importance of mangroves", huorodhesha: kuni, boriti, kaa, samaki. Hizo ni faida na matumizi. Faida ni unachokipata. Umuhimu ni kinachoharibika kitu kikiondoka. Jibu la importance linaanza na kuondoka kwa mikoko: ufukwe unaliwa na maji, samaki wadogo wanakosa pa kukulia kwenye mizizi, maji ya chumvi yanapanda kwenye mashamba. Boriti zilizoezeka nyumba za Mji Mkongwe ni matumizi ya mikoko, yafaa kutajwa chini ya uses. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi tofauti hiyo mara moja, alama zao zinapanda bila kukariri zaidi.

Kwa watembeza wageni, mazoezi mazuri yapo kwenye mlango mmoja wa nakshi. Kusema "This door is very important" hakumpi mgeni kitu. Ameshasikia hivyo kwenye milango kumi. Simama mbele yake na uvigawe vilivyomo. Mfaa, ule mhimili wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja na kuuziba mwanya mlango ukifungwa, ni essential: bila yake mbao mbili hazikutani sawasawa. Maandishi ya Qur'ani juu ya kizingiti ni significant, na hapo deni la maelezo linadai: soma aya, sema inaombea nini nyumba na wakaao ndani. Kichwa cha mlango kikiwa cha duara badala ya mraba, nalo ni significant, kwani linaonyesha athari ya Kihindi. Njumu za shaba ni impressive, zinapendeza, zinavuta macho, usiziite important. Na mlango wenyewe ni important kwa mwenye nyumba, kwa sababu ndio uliomtambulisha mtaani kabla hajafungua kinywa. Kwa Kiingereza: "The centre post is essential, the inscription is significant, and to the owner the whole door was important." Mgeni akiuliza kwa nini, majibu yote matatu unayo mkononi.